Darubini nyepesi ya bunduki kwa uwindaji wa mbali milimani: gramu zipunguzwe wapi?

Swali: Ninaishi Boise, Idaho, na nina bunduki nyepesi ya Tikka T3x Lite inayotumia risasi za 6.5 Creedmoor. Huwinda elki (aina ya kulungu mkubwa sana) na kulungu kwa miguu milimani, begi likiwa mgongoni, wakati mwingine kwa siku kadhaa mfululizo. Nataka niweze kupiga hadi mita 600. Rafiki ninayefanya naye mazoezi ya shabaha ananisisitizia ninunue darubini kubwa inayokuza hadi mara 27, lakini muuzaji dukani ananionyesha nyingine isiyofika gramu 400. Nimetenga kama dola 1,200. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa matumizi uliyoyaeleza ningekushauri usichukue yoyote kati ya hizo mbili. Tafuta darubini inayokuza kuanzia mara 3 hadi 15 au karibu na hapo, yenye lenzi ya mbele ya milimita 42 hadi 44, uzito wa gramu 500 hadi 650, na kifundo cha kurekebishia kimo kinachoaminika. Hicho kifundo ndicho muhimu kuliko vyote, na ndiyo ambayo maduka mengi huitaja kwa sentensi moja tu.

Tuanze na umbali wenyewe, kwa sababu hesabu yake inaondoa nusu ya mabishano. Risasi ya kawaida ya kuwindia ya 6.5 Creedmoor, yenye uzito wa greni 143 (gramu 9 hivi), hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 820 kwa sekunde. Ukiwa umeizero bunduki yako kwa mita 100, yaani umeirekebisha risasi itue palepale unapolenga kwa umbali huo, risasi hiyo itakuwa imeshuka zaidi ya mita moja na nusu ikifika mita 500, na mita mbili na nusu hivi ikifika mita 600. Wapigaji hupima mshuko huo kwa mili, na mili moja ni sentimita 10 kwa kila mita 100 za umbali, yaani sentimita 60 kwenye mita 600. Kwa hiyo mshuko wako wote ni kati ya mili nne na nne na nusu, kutegemea kimo cha mlima na ubaridi wa hewa. Hiyo ni kliki 40 hadi 45 kwenye kifundo kinachosogea mili 0.1 kwa kliki, na bado hujamaliza hata mzunguko mmoja wa kifundo cha mili 10.

Hesabu hiyo inamaanisha kuwa huhitaji bomba, yaani mwili wa darubini, lenye unene wa milimita 34. Bomba nene humpa mpigaji nafasi kubwa zaidi ya kupandisha na kushusha, nafasi ambayo ni muhimu kwa anayepiga kilomita moja na zaidi kwenye mashindano, lakini halikuongezei mwanga, ingawa jambo hilo bado linasemwa kwenye kaunta za maduka kana kwamba ni sheria ya maumbile. Bomba la milimita 30, na mara nyingi hata la inchi moja, lina nafasi ya kutosha kwa mili nne na nusu na ziada. Hapa unapunguza gramu nyingi bila kupoteza chochote.

Ukuzaji nao una mkasa wake. Kifua cha elki, pale penye moyo na mapafu, kina upana wa sentimita 30 hadi 35 hivi. Ukimtazama kwa ukuzaji wa mara 10 akiwa mita 600, unamwona kama aliye mita 60 mbele ya macho makavu, na hakuna mtu mwenye macho mazima anayeshindwa kuona kifua cha elki kwa mita 60. Ukipanda hadi mara 20 na zaidi, kinachokuzwa si mnyama peke yake: mapigo ya moyo wako baada ya kupanda mlima yanakuzwa, mtetemo wa hewa inayopata joto juu ya mawe ya adhuhuri unakuzwa, na upeo wa kuona unabanwa kiasi kwamba bunduki nyepesi kama yako ikishakita begani hujui tena mnyama ameanguka, amekimbilia kushoto, au amesimama akisubiri risasi ya pili. Kuiona risasi yako ikitua kuna thamani kubwa kuliko kuhesabu nywele za mnyama.

Upande wa chini wa ukuzaji ndio watu husahau. Elki wengi hupatikana msituni na kwenye kingo za misitu, si ng'ambo ya mabonde kama kwenye video. Darubini inayoanzia mara 5 humpa mpigaji upeo wa kama mita saba hivi kwa umbali wa mita 100, ambao kwa mita 40 ni chini ya mita tatu, na elki dume mwenyewe ana urefu wa mwili unaokaribia hapo. Akitokea ghafla kati ya misonobari, kioo kizima kinajaa manyoya na hujui unaangalia bega au paja. Darubini inayoanzia mara 3 hutoa takriban mita 11 hadi 12 kwa mita 100, na tofauti hiyo imeokoa siku nyingi za kuwinda.

Kuhusu mwanga, gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, nawe utapata upana wa mwale unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 42 kwa mara 6 inakupa mwale wa milimita 7, ambao ndio upana wa juu kabisa wa mboni ya kijana gizani. Mtu aliyepita umri wa makamo mara nyingi hafiki hata milimita 6. Idaho inaruhusu kuwinda wanyama wakubwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Katika dakika hizo za mwanzo na mwisho unachotakiwa kufanya ni kushusha ukuzaji hadi mara 6 au 7, wala huhitaji kubeba lenzi ya milimita 56. Lenzi kubwa kiasi hicho huleta kero nyingine isiyoandikwa kwenye boksi: hulazimisha pete ndefu za kufungia, darubini inapanda juu, na shavu lako linaning'inia hewani badala ya kutulia kwenye kitako. Shavu lisilotulia hupiga vibaya hata kwa kioo cha thamani kubwa.

Sasa uzito. Bunduki yako, ikiwa tupu, haifiki kilo tatu. Vortex Razor HD Gen II ya 4.5-27x56 (hukuza mara 4.5 hadi 27, lenzi ya mbele ni milimita 56), ambayo nadhani ndiyo rafiki yako anayoizungumzia, au nyingine ya aina hiyo, ina karibu gramu 1,375. Ongeza reli na pete za kuibeba, na umefunga juu ya bunduki nyepesi kitu kinachokaribia nusu ya uzito wake. Ni chombo kizuri sana kwenye benchi na kwenye mashindano, na rafiki yako hakosei kukipenda. Lakini kwenye Tikka Lite kinahamisha uzito wote juu, bunduki inataka kupinduka kila unapoiegemeza kwenye begi, na kwa kuwa bunduki nyepesi hukita kwa nguvu, kila risasi inavuta skrubu za pete kwa nguvu inayolingana na uzito wa darubini. Bila kuhesabu miguu yako mwenyewe, ambayo itajua habari hiyo siku ya tatu.

Kwa upande wa pili, hizo za chini ya gramu 400 nisingependa uzione kama za hovyo. Leupold VX-3HD ya 3.5-10x40 na Maven RS.2 ya 2-10x38 ziko katika kundi hilo la uzito, na ningefurahi kumwona mwindaji wa mita 300 akiwa na yoyote kati yake: unazero, unafunga vifuniko vya vifundo, unasahau. Matatizo huanza pale darubini ya kundi hilo inapotakiwa kufanya kazi ambayo wengi hununua kuifanya, yaani kuzungushwa kifundo juu na chini mara nyingi, kila safari, kila siku ya mazoezi. Gramu zikipunguzwa sana, lazima zimetoka mahali fulani: kuta za bomba, au springi inayokishikilia kile kibomba kidogo cha ndani ambacho kifundo kinakisukuma. Baadhi ya watengenezaji huzipunguza gramu hizo kwa ustadi, wengine hukata tu.

Ndiyo maana ninasema kifundo ndicho cha kununua kwanza. Unapozungusha kifundo mili 4.3, darubini inatakiwa isogee mili 4.3, si 4.1 wala 4.5, kisha ukikirudisha kwenye zero irudi palepale, leo, kesho na baada ya bunduki kuanguka kwenye theluji. Kosa la asilimia 5 halisikiki kama jambo kubwa, lakini asilimia 5 ya mili 4.3 ni karibu mili 0.2, na kwa mita 600 hiyo ni sentimita 13 za kosa kabla ya upepo, kabla ya mkono wako, na kabla ya kipima umbali kukosea lolote. Umeshatumia zaidi ya theluthi moja ya kifua cha elki kwa sababu ya darubini tu. Na mtu mwenye kosa hilo hulaumu risasi, hulaumu upepo, hubadilisha baruti, huku kioo chake kikiwa safi kama maji ya chemchemi.

Jaribio lake unaweza kulifanya bila kufyatua hata risasi moja. Hakikisha chemba ni tupu na bolti imetolewa, na fanya hivi mahali panaporuhusiwa kuelekeza bunduki. Pima mita 100 kwa utepe, si kwa hatua. Simamisha rula au ubao wenye mistari uliyoichora kila sentimita 10 hadi mita moja, wima kabisa kwa kutumia timazi. Bana bunduki kwenye mifuko ya mchanga isisogee, weka alama ya shabaha kwenye mstari wa juu kabisa, zungusha kifundo cha kimo mili 5 juu, na uangalie: msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo unatakiwa ushuke sentimita 50 kamili. Endelea hadi mili 8 au 9, rudi kwenye zero, na rudia mara kadhaa. Ukiona msalaba unasogea pembeni huku ukizungusha kimo peke yake, ama umeifunga darubini ikiwa imelala upande, ama kuna kasoro ndani. Ikiwa inasogea sentimita 48 kila mara, bila kubadilika, unaweza kuishi nayo kwa kuingiza kipimo hicho kwenye programu yako ya mahesabu. Ikiwa leo ni 48 na kesho 51, irudishe dukani wakati risiti bado ina nguvu.

Mbali na usahihi, kifundo cha milimani kinahitaji vitu viwili. Kwanza, kiwe na kufuli, kwa maana mkanda wa begi, kichaka na mfuko wa bunduki vyote vina mikono. Mwindaji aliyelala chini asubuhi na kupiga juu ya mgongo wa mnyama aliyesimama mita 250, mara nyingi hugundua baadaye kifundo chake kilikuwa kimejizungusha kliki kumi na kadhaa njiani. Pili, kiwe na kizuizi cha zero, ili hata gizani ukiwa na glovu ukizungusha kurudi chini ujue umefika na huwezi kupita. Kifundo cha upepo, kwa upande wake, kifunikwe. Upepo wa milimani hubadilika kati ya pumzi mbili, kwa hiyo ni afadhali kuukabili kwa alama zilizomo kwenye kioo kuliko kwa kuzungusha.

Alama hizo ndizo zinazoleta suala la fokasi ya kwanza na ya pili, yaani mahali alama zilipowekwa ndani ya darubini, ambalo nitalieleza kwa mfano mmoja. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa husukuma risasi yako sentimita 40 hadi 50 kwa mita 500, yaani karibu mili moja. Katika darubini ya fokasi ya pili, alama huwa sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, kwa kawaida ule wa juu. Ukiwa umeshusha darubini ya 3-15 hadi mara 7.5 kwa sababu giza limeingia, kisha ukatumia alama ya mili moja, kumbe umeshika mili mbili, na risasi inapita nusu mita mbali na ulipotaka. Fokasi ya kwanza haina mtego huo, kwa kuwa alama hukua na kupungua pamoja na picha, ila kwenye mara 3 au 4 alama zake huwa nyembamba kama uzi wa buibui, tena mbele ya msitu mweusi. Kwa mwindaji wa msituni na mabondeni kama wewe, ninaelemea fokasi ya pili yenye ukuzaji wa juu usiozidi 15, kwa sharti kwamba kila unapotumia alama za upepo uwe umeuzungusha ukuzaji hadi mwisho, na uifanye hiyo kuwa tabia ya mkono. Mwenye kujijua kuwa atasahau achukue fokasi ya kwanza yenye alama zinazowaka.

Mili au dakika ya pembe, kile kipimo kingine cha wapigaji? Chochote, mradi kifundo na alama za kioo viwe vya kipimo kimoja. Ninapendelea mili kwa kuwa wewe unafikiri kwa mita.

Kwa majina: Vortex Razor HD LHT ya 3-15x42 ina karibu gramu 540, bomba la milimita 30, kifundo cha kimo chenye kufuli na kizuizi cha zero, na kifundo cha upepo kilichofunikwa; ni ya fokasi ya pili, na bei yake kwa kawaida haiendi mbali na bajeti yako. Hiyo ndiyo ningeanza kuitazama, katika toleo la mili. Ndugu yake ya 4.5-22x50 ni ya fokasi ya kwanza na ina gramu 615 hivi, lakini inaanzia juu kwa msitu. Swarovski Z5 ya 3.5-18x44 ina gramu 450 tu na kioo kinachopendeza jioni, ila inapita bajeti yako, nami ningeipa mwindaji anayezungusha kifundo mara chache. Nightforce NX8 ya 2.5-20x50, ya gramu 800 hivi, inachukuliwa na wanaosema uimara kwanza na uzito baadaye, na bei yake inafanana na msimamo huo. Na kuna moja ambayo haivutii macho ya mtu dukani: SWFA SS ya 6x42, ukuzaji mmoja tu usiobadilika, vifundo vya mili, uzito wa karibu gramu 570. Alama zake ni sahihi muda wote kwa sababu hakuna ukuzaji wa kubadilisha, mwale wake ni milimita 7 muda wote, na fedha inayobaki inanunua risasi za mazoezi za mwaka mzima. Ningekuwa na bunduki yako na nia ya kuishia mita 400, ningeichukua hiyo bila kusita sana.

Usitegemee darubini ya bunduki kutafuta mnyama. Idaho haiwalazimishi wawindaji wa wanyama wakubwa kuvaa rangi ya chungwa, na kitu kinachotikisika kichakani kinaweza kuwa baba wa mtu. Kutafuta ni kazi ya darubini ya mkononi iliyokaa juu ya miguu mitatu, na ukiwa nayo, hoja ya kutaka ukuzaji mkubwa kwenye bunduki inakufa yenyewe. Fahamu vilevile kwamba kanuni za jimbo haziruhusu bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa izidi pauni 16 pamoja na vyote vilivyofungwa juu yake, wala vifaa vya elektroniki kwenye bunduki, isipokuwa alama za shabaha zinazowaka. Darubini zinazopima umbali na kukokotoa zenyewe zimetoka kwenye orodha yako, hata ukizikuta kwa bei ya kutupa. Soma kijitabu cha msimu husika kabla ya kulipa, maana mambo haya hupitiwa upya.

Kuhusu kuifunga: risiva ya Tikka (mwili wa chuma unaobeba bolti) ina mkato wake wa milimita 17, kwa hiyo pete zinazoshika moja kwa moja kwenye mkato huo zinakuondolea uzito wa reli na kuiweka darubini chini karibu na mtutu. Skrubu za juu za pete kaza kwa inchi-pauni 15 hadi 18 ukitumia bisibisi yenye kipimo, si kwa hisia za kiganja, na fuata maelekezo ya mtengenezaji yakitofautiana na hayo. Kabla ya kukaza, hakikisha msalaba umesimama wima dhidi ya timazi, bunduki yenyewe ikiwa imelazwa sawasawa. Weka nafasi ya jicho ukiwa umevaa koti la baridi, tena ukiwa umelala kifudifudi, kwani hapo kichwa husogea mbele na ndipo kingo za darubini huchana nyusi.

Imebaki mita 600. Risasi yako huchukua karibu sekunde 0.9 kufika huko, muda unaomtosha elki kupiga hatua moja, na kwa umbali huo risasi ya 6.5 tayari imepunguza mwendo sana kwa mnyama mwenye mifupa ya aina ile. Mimi ningekuwekea kikomo cha mita 400 kwa elki na 450 kwa kulungu, na hapo ni baada ya wewe kuweza kupiga sahani ya sentimita 25 kwa risasi ya kwanza ya asubuhi, mtutu ukiwa baridi, umelalia begi lako mwenyewe na si benchi, mara tisa katika kumi, ukisambaza majaribio hayo katika siku tofauti zenye upepo tofauti. Anza na mita 300. Na kila ukifika kambini baada ya gari kurukaruka kwenye barabara za mawe, piga risasi moja kwa mita 100 mahali panaporuhusiwa kabla ya kupanda mlima. Ikitua nje ya ulipozero, kaza, pima upya, na usiingie porini siku hiyo na bunduki usiyoijua inapiga wapi.